Mama Koku, Haukuwa Utomvu

Mama Koku wangu,

Leo nimemenya ndizi mwenyewe, mikono ikawa myeusi, nikakukumbuka na hasira ikanipanda upya. Ulikuwa ukinicheka: "Baba Koku, mwanaume mzima unaogopa utomvu!"

Mistari ya viganja vyako ilipoingia weusi, nani hapa Isingiro angeshtuka? Mama yangu alikusifia kwamba unalisha watu. Ulisugua kwa mafuta na ndimu, wapi! Mpaka fizi zikawa nyeusi. Jamani, fizi! Nani humenya ndizi kwa meno? Bado tukatania tu.

Kisha ukakonda. Ukisimama, kizunguzungu. Chumvi ukawa unailamba kiganjani kama mtoto na sukari. Majirani wakanong'ona umerogwa, wengine wakautaja ule ugonjwa, na kila tulipopima hatukupata kitu. Mwishowe daktari mmoja akakuchungulia mdomoni, akakutoa damu asubuhi ipelekwe Mwanza. Alisema juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza homoni iitwayo kortisoli. Asubuhi hutakiwa kuwa nyingi. Ikikosekana, tezi zimekufa.

Jibu lilikuja tumeshakuzika. Daktari alipiga simu akauliza unaendeleaje. Nilikuwa kwenye migomba, kando ya kaburi lako, udongo bado mbichi. Akaniambia kortisoli yako ilikuwa kama haipo kabisa. Nilimtukana, maskini, na hakuwa na kosa.

Mwaka huu binti yetu Koku naye akaanza kukonda, viganja vikaanza kuingia weusi. Shangazi zake wakasema ni utomvu. Weee! Alfajiri nilimpandisha bodaboda mpaka hospitali ya Kayanga, nikagombana na kila aliyekaa dirishani hadi damu ikachukuliwa asubuhi ileile. Jibu likawa kama lako. Sasa anameza vidonge vya kurudisha hiyo kortisoli kila siku, mashavu yamerudi, kelele zake zimerudi. Na vidonge vyenyewe vinauzwa hapo Nkwenda, mke wangu, kwenye duka la dawa tulilolipita kila siku ya soko. Hilo ndilo linaniumiza kuliko yote.

Jana Koku alisimama mlangoni na kidonge mkononi. "Baba, mama angemeza hiki angekuwepo?"

Nilitaka kumwambia ni mipango ya Mungu. Mdomo ukakataa. Nikamwambia ndiyo.

Akakimeza bila maji, akaenda shule.

Pumzika, mama. Mimi bado siwezi.

Mumeo,
Baba Koku