Ndama Kwenye Nira ya Wakubwa

Marahaba, mke wangu Kabula.

Hapa Kalangalala tu wazima. Bibi, mke mwenzako, anakuwekea michembe ya viazi vitamu alivyoanika, nami naidokoa. Kumbe huko Marekani mtoto wa sekondari anaweza kusoma somo la chuo likahesabiwa hata chuoni, mradi mlezi aridhie! Ila litakula likizo uliyotuahidi kuja nyumbani, ndiyo maana unaniuliza.

Ujanani, Ushirombo, tulimfunga ndama dume nira moja na maksai mzee. Alivuta vizuri, na tuta lake likahesabiwa sawa na la wakubwa. Jioni tulipomfungua, alitimua mbio kwa mama yake.

"Fundi wenu huyo!" baba akacheka.

Nimeridhia, soma. Ila wakikufungua tu, timua mbio vilevile. Michembe inakwisha, na mwizi wake naye anakwisha.

Babu, mumeo