Siku Mtafsiri Aliponyamaza

Mjukuu wangu Saidi, mume wangu wa pili,

Marahaba. Shikamoo yako imefika hapa Nyangamara pamoja na kanga, ahsante sana. Sisi wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na korosho zimeanza kudondoka.

Umeniuliza kama tapeli anaweza kutulia kweli, au ni mambo ya kwenye filamu tu. Si umwulize babu yako!

Ujanani alikuwa mtafsiri kwenye banda la video, Lindi mjini. Sinema za Kihindi, za Kichina, zote alizitafsiri kwa kipaza sauti, na sisi tukamwamini. Siku moja ikawekwa ya tapeli mmoja wa Kichina aliyekimbilia kwa watawa milimani. Babu yako akamsemea maneno, tukacheka mpaka machozi. Mwishoni yule tapeli akakaa kando ya mto, kafumba macho, kimya. Babu yako naye akanyamaza.

"Tafsiri, bwana!" tukapiga kelele. "Anasemaje?"

"Hasemi kitu," akajibu taratibu. "Kachoka kudanganya watu."

Mimi nikageuka kumtazama mwenye sauti ile.

Alipokuja kuposa, jambo la kwanza alilowaambia wazee wangu ni kwamba Kichina hakijui, na Kihindi vilevile. Baba alicheka, akampa mke na kipande cha shamba.

Sasa hivi yupo uani anaanika korosho, anajiimbia. Tangu siku ile hajanidanganya, ila kila nikipika husema chumvi imekaa sawa.

Ni mimi bibi yako, mke mkubwa.