Pembe Mahali pa Mkono

Jumatatu, 9 Juni 2025

Pentekoste jana ilipita vizuri. Leo siku imeniharibikia.

Nilifunga cherehani mapema pale Omurushaka, nikapanda bodaboda mpaka Bugene kuona maonyesho ya mwanangu Mujuni. Ameyaweka kwenye ghala la zamani la kahawa. Sanamu tupu! Msalaba wa mabati. Malaika asiye na uso. Mtoto Yesu aliyeungua nusu — eti walokole walimtupa motoni, yeye akamwokota. Watu wanazunguka kimya kama wako msibani, wengine wanapiga selfi.

Halafu nikamwona Bikira Maria wa mama yangu. Yule yule wa chumbani kwake, aliyevunjika mkono rafu ilipodondoka. Nilijua Mujuni amemchukua amtengeneze. Na mkono ameutengeneza kweli — kwa pembe! Pembe jeusi la ng'ombe, limevishwa shanga, kama yale ya mizimu ya zamani. Maria amelinyanyua kama anabariki.

Nikamuuliza amelitoa wapi. Akaanza mengine: Jumamosi, siku ya kufunga maonyesho, wageni watapewa nyundo, anayetaka kuvunja avunje. Kila kizazi huvunja cha waliotangulia, eti ndiyo kazi yenyewe. Sasa kama unajua kitavunjwa, unahangaika kutengeneza ya nini? Akacheka. Sielewi. Nilimsomesha sanaa au nilimsomesha kichaa?

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Katekista Desderius. Ndiyo, nimemwambia! Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, nitakaaje kimya? Atakuja Jumamosi na waumini. Anasema mwenye pembe ajulikane, atubu mbele ya watu, la sivyo atampeleka kwa Padri na sakramenti atazisikia redioni.

Mujuni atakuwa amelinunua kwa mganga. Aaibike kidogo, atapona.

Nilipata nafuu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepita ghalani kumwonya. Damu ni nzito kuliko maji.

Miguuni pa Maria nikakuta kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba. Harufu tu ilitosha: ndani, kahawa ya kutafuna. Ile tunayompa mgeni akiingia nyumbani — na ambayo wazee walikuwa wakiipa mizimu! Nikainama nikitupe. Nikakiacha pale pale.

Lile fundo. Kamba imezungushwa, ncha ikarudishwa chini isionekane, kama fundi anayeficha uzi. Ni mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Ndiye aliyenifundisha kushona.

Mama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka kwa Mama, Chonyonyo. Shikamoo. Marahaba. Alikuwa anamenya ndizi, nikachukua kisu nikamenya naye, maana nilikosa pa kuanzia. Mwisho nikamuuliza tu, Mama, lile pembe ni la nani?

La baba yake. Hakusita hata kidogo!

Lakini ukoo mzima tunaijua hadithi. Siku ya ubatizo wake, akiwa binti, Kokubanza, ndiye Mama, alilichukua pembe la mizimu la baba yake akalitupa motoni mbele ya wamisionari. Inasimuliwa kwenye kila harusi yetu. Mimi mwenyewe nimeisimulia kanisani!

Mama anasema alitupa la fahali aliyekufa. Mapembe yote yakiungua yananuka sawasawa, nani angejua? Lile lenyewe alilifukia chini ya mgomba. Miaka yote hii akimaliza rozari anatoka nje kulipelekea kahawa. Nami nilidhani anaenda kukagua shamba.

"Mama, kwani unasali kwa nani?"

"Nasali," akasema, akaendelea kumenya.

Maria alipovunjika, alimfukulia Mujuni pembe kwa mikono yake. Alimwonea huruma Maria. Mzazi asiye na mkono atambebaje mtoto?

Nimekasirika. Njiani nikacheka peke yangu mpaka dereva wa bodaboda akageuka kunitazama. Kisha nikamkumbuka Desderius, kicheko kikakatika. Mama amezeeka. Anachosubiri duniani ni kupakwa mafuta na kuzikwa na Padri, basi. Na mimi ndiye niliyekwenda kusema! Nimempigia Desderius simu, nikamwomba asije. Anasema ameshawatangazia watu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nyuma ya ghala, nimekalia gunia. Nyundo iko mapajani. Wananisubiri.

Desderius alisimama mbele ya Maria akauliza, pembe ni la nani? Watu wamejaa mpaka mlangoni. Mujuni anatazama viatu vyake; hamsaliti bibi yake. Mara nikamwona Mama, na kitenge chake cha jumuiya, anaanza kuinuka kwenye benchi. Magoti yake yanachelewa siku hizi. Nikamwahi.

"Langu!"

Maawe! Desderius aliduwaa — mimi niliyempelekea habari! Akaichukua nyundo ya Mujuni akanipa. Basi, Mama Mujuni, vunja mwenyewe tuone. Nikaomba nisali kwanza. Sijasali. Nimetoka tu.

Mama amenifuata huku nje. Amekaa, ametoa kifurushi mfukoni, amefungua fundo kwa kucha. Tafuna kwanza, mwanangu. Nimetafuna. Nikamuuliza, Mama, nivunje nini? Mujuni ameviunganisha kwa simenti. Nikivunja pembe, Maria naye anapasuka.

Ameuliza kama Desderius amepewa kahawa. Si mgeni yule? Ametoka kwake asubuhi yote hii, hakuna aliyemkaribisha!

Akaingia ndani na kifurushi chake. Ndipo nikaliona jani. Lile la juzi, lililokuwa miguuni pa Maria. Alilikusanya saa ngapi?

Nawasikia kupitia ukutani. Desderius anashukuru, anasema hii imekaushwa vizuri, anaomba nyingine. Mama anampa. Kahawa ya mizimu, Mungu wangu! Au ni ya mgeni tu? Sijui tena ni ya nani.

Sasa Desderius ananiita, mdomo umejaa kahawa. Nimesimama. Nyundo hii ni nzito kuliko pasi yangu ya mkaa, na mimi bado sijajua nivunje nini.