Mukono Wangu Upande wa Pili wa Kitenge

Kalemie, Jumamosi. Asubuhi mvua, sasa jua kali mpaka mabati yanalia.

Naandika kwa mukono wa kushoto, herufi zinalala ovyo kama walevi. Vumilia tu, shajara yangu. Kilichonipata leo siwezi kukilaza.

Tangu muke wangu ajifungue, mama yake yuko kwetu. Alikuja na boti kutoka kaskazini kumusaidia na mutoto. Kwa desturi yetu, mama mukwe na mume wa binti yake hawaangaliani, hawagusani, hawasemeshani. Basi mimi mwenye nyumba nakohoa uani kama mugeni, ili yeye apate kuingia jikoni. Miaka yote ya ndoa namujua kwa kisogo. Na niseme ukweli, nilishaamini kwamba hanipendi.

Leo kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya mutaa, nilipewa jembe la kuazima, mupini wake haujalainishwa. Kibanzi kikaingia kiganjani, mukono wa kuume, chini ya kidole gumba. Nikajitia kidume, nikakivuta kwa meno mbele ya wenzangu. Kikakatikia ndani.

Upumbavu mutupu.

Nilipofika nyumbani kiganja kilikuwa chekundu, vidole havifungi. Na giza la mwezi njo limeingia, wakati wa kuvua ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa taa. Asiyeweza kushika kamba anabaki pwani, na nyumba yake inabaki na njaa. Muke wangu akajaribu, akakisukuma zaidi. Jirani yetu Papa Anzuruni akaja na wembe wake wa ndevu. Kuna muntu wa mutaa huu alichanjwa hivyohivyo, mukono ukaoza, ukakatwa. Nilijua hilo, na bado nilikuwa namupa Papa Anzuruni kiganja.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ikimutuma muke wangu amwambie jirani arudi kwake na wembe wake.

Wakatundika kitenge kwenye mulango wa jikoni. Mimi nikakaa nje, nikapitisha mukono pembeni mwa kitenge. Ukapokelewa.

Sijui niliandike namna gani hili. Mukono wangu ulikuwa kwake, mimi nilikuwa huku. Kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa muda mrefu, mpaka ngozi ikalegea. Hakufinya hata kidogo. Muke wangu alikuwa ananieleza polepole: mama amenawa, sindano na kibano vimechemshwa, sasa anatafuta kibanzi kiliingilia upande gani, maana kitatolewa kwa njia ileile. Kiganja kikageuzwa kwenye mwanga. Nikasikia pumzi yake kwenye ngozi yangu, mwili wote ukanisisimuka. Kanisani sijawahi kutulia vile.

Sindano iliinua ngozi ya juu tu. Kibano kikavuta taratibu, bila papara. Kikatoka kizima, kirefu kuliko punje ya muchele.

Akaosha tena, akafunga kitambaa safi. Kupitia kwa binti yake nikaambiwa niuweke mukono mukavu, nisishuke ziwani mpaka ngozi ifunge, na nikiona uvimbe unapanda au usaha, niende dispensari siku hiyohiyo.

Nikataka kuvuta mukono wangu. Haukuachiwa.

Kidole chake kikaanza kupita juu ya makovu yangu, akimuuliza binti yake. Hili? Ndoana. Hili? Kamba ya wavu. Na hili la moto, kwenye kifundo?  Muke wangu akamwambia kwamba mimi nilidaka sufuria ya maji yanayochemka isimumwagikie yeye, mimba ikiwa kubwa. Hakuwa amemwambia mama yake. Mimi mwenyewe nilishaisahau siku hiyo.

Kidole chake kikabaki juu ya kovu hilo. 

"Asante, mwanangu."

Hakumutuma muntu. Aliniambia mimi.

Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno ya pili. Tangu hapo hakuna mama aliyeniita hivyo, na sikujua kwamba nilikuwa nangoja. Nikakaa pale nje ya mulango, mwanaume mwenye ndevu, nikalia. Alinisikia, bila shaka. Hakuuachia mukono mpaka nilipomaliza.