Alama ya Mawese kwenye Karatasi ya Salima

Mama,

Arobaini yako imepita juzi juzi tu, na wewe ambaye hukujua kusoma ndiwe ninayekuandikia. Utanicheka. Cheka tu, lakini nisikilize, maana jambo lenyewe ulilianza wewe, mimi nikalimalizia vibaya.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuoni na mtoto mchanga mgongoni, na memwari, kile kitabu cha kumalizia masomo, kikiwa bado jina tu. Nilitaka kujua watoto wa darasa la tatu wanaandikaje wakiachwa waseme mambo yao. Nikawapa watoto thelathini na wawili wa mtaa wetu wa Mikelenge kichwa kimoja, "Asubuhi nyumbani kwetu." Wewe ukamfunga mtoto wangu mgongoni kwako, ukatwanga majani ya sombe, mimi nikawa nakusomea karatasi moja moja. Maprofesa wangu wana vipimo vyao. Wewe ulikuwa na sikio. Ulisema huyu anasema kweli, huyu ameandikiwa na babake. Hukukosea hata mara moja, na hilo liliniudhi kidogo.

Kisha ikaja ya Salima wetu, binti yangu mkubwa. "Asubui redio inaanza kuimba Mukubwa. Baba anaweka muto juu yake. Anasema, tuache muzee apumuzike, na siye tupumuzike."

Ulicheka, Rais mzima kufunikwa mto, mpaka ukaweka mchi chini. Ukaniomba niirudie, ukaishika kwa kidole chenye mawese, ukauliza, "Na hii nayo itasafiri?" Nikakujibu kisomi kwamba karatasi za watoto ni za sayansi, nani atazijali. Mjinga mimi, na diploma yangu. Wiki ile ile ukaanza homa, na karatasi zikabaki ndani ya katoni chini ya kitanda.

Alhamisi kabla ya arobaini, direkta wa shule akaniita. Unamjua, ndiye pia mkubwa wa Chama pale shuleni, anayewachezesha watoto na kuwaimbisha kila asubuhi kabla ya masomo. Akasema anataka kuona karatasi zote Jumatatu, kabla hazijapanda boti kwenda chuoni. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza nguvu.

Nikafungua katoni. Zilikuwa thelathini na moja. Ya Salima haikuwemo.

Siku zile sitaki kuzirudia hata kwa barua. Baba Salima nilipomwambia, hakunigombeza. Aliingia ndani, akautoa mto juu ya redio, akaongeza sauti mpaka majirani wakasikia. Mwenzake wa kazi ya reli alichukuliwa na askari kwa neno dogo kuliko hilo, nawe ndiwe uliyempikia mke wake chakula. Kila baiskeli iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinisimamisha. Nilimshuku mwalimu wa darasa, nikamshuku jirani, nikamshuku mume wangu. Naye, najua, alinishuku mimi.

Jumapili, mashangazi wakafungua sanduku lako wagawe nguo. Ndani ya kitenge cha bluu ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne. Shangazi mkubwa akadhani ni hirizi uliyoandikiwa na mwalimu wa Kurani, akanipa kwa mikono miwili bila kuifungua. Niliona alama ya kidole chako cha mawese kabla ya kuona mwandiko. Kumbe uliitia alama ili usiipoteze kati ya nyingine. Nililia, wakadhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia, na nilikuwa nashukuru, na nilikuwa na hasira kwamba hukuniambia.

Lakini direkta alikuwa na orodha ya darasa. Karatasi moja kukosekana kungekuwa kubaya zaidi. Nikamkalisha Salima mezani, nikampa karatasi mpya. Akaniuliza aandike nini. Mimi, Mama, mimi niliyewaambia watoto waandike yao wenyewe, nikamwambia aandike jinsi baba anavyopenda redio.

Aliandika vizuri sana, hakukosa hata herufi. Jumatatu direkta akaisoma mbele ya darasa, watoto wakapiga makofi, na karatasi zikaruhusiwa kusafiri. Salima akarudi, akasimama mlangoni na mfuko wake wa shule.

"Mama, ile ya pili njo ya muzuri?"

Nikamwambia ndiyo, ya pili ndiyo nzuri. Akanitazama vile vile ulivyokuwa unanitazama wewe nikikusomea ya mtoto aliyeandikiwa na babake.

Pumzika, Mama. Ile ya kwanza nimeirudisha ndani ya kitenge chako, mashangazi wameniachia. Baba Salima ameniomba mara mbili niichome. Sitaichoma. Siku itakapowezekana nitamsomea Salima kwa sauti, nimwambie iliyo nzuri ni hii, na bibi yake alijua.

Mwanao,
Mama Salima