Watu Watano Nyumbani Kwangu

Mbumbuni,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Kanyiva, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, goti lako limepoa? Na mbuzi hapo Mwingi wanapata wanunuzi ama bado bei ni ya kulia? Mimi mzima, ila kikohozi cha hili vumbi. Utashangaa mbona nimeandika na simu ninayo. Kwenye simu mimi hujisifu, wajua. Kwenye karatasi nitajaribu.

Lakini acha nijisifu kidogo kwanza. Nthenya, yule uliyembeba mgongoni alipougua surua, sasa ndiye huchora ramani za mashamba ya kunyunyizia maji kule Kibwezi. Wakubwa wake hawapitishi mfereji kabla hajaonyesha kwenye kompyuta. Nimemwuliza pasta kama kuna mtoto mwingine wa hapa sokoni amefika hapo, na hakunitajia. Kazini walimpa laptop mpya, ile ya zamani akaniletea mwezi wa sita, na programu yake ya ramani ndani. Alifika Jumamosi. Jumapili kabla ya ibada alikuwa ameshaondoka.

Sasa, kikundi chetu cha mwethya, hiki cha kuchimba mitaro pamoja, kimepata bomba la maji. Kioski ya kuchotea ni moja, na lazima iwekwe palipo na watu wengi. Mzee Kitheka, mwenyekiti, akauliza nani anaweza kutoa ramani ya nyumba zote na watu wanaolala kila nyumba. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nzisa, jirani yangu wa upande wa chini, akasema huyu ameishia darasa la saba, labda atachora kwa makaa. Wamama wakacheka. Nikawaambia wangoje.

Nthenya akanifundisha kwa simu, kila siku dakika kumi, akila chakula cha mchana. Aliniambia ramani ni kama karatasi za nailoni zilizolaliana: barabara kwenye moja, mto kwenye nyingine, nyumba kwenye nyingine, na ukiifunga moja zile zingine zinabaki. Nikazunguka nyumba kwa nyumba na simu yangu, nikisimama kila mlangoni hadi isome mahali, nikiandika namba kwenye daftari. Nikaziingiza zote. Nikafungua, na kijiji hakipo. Hakuna hata nyumba moja. Kumbe sisi tuko chini ya ikweta, namba yetu ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele yake, na mimi sikuiweka. Nthenya alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, mama, umewahamisha watu wote na kuku wao hadi jangwani kule Marsabit. Nilirekebisha nyumba moja moja, siku mbili. Sikutaka ziishe upesi, kwa sababu zikiisha simu za mchana nazo zitaisha.

Mwisho alinionyesha jedwali. Kila nyumba ina mstari wake, unajaza jina na watu wanaolala, halafu programu inachora duara, watu wengi duara kubwa. Nzisa ana tisa na wajukuu wake. Duara lake ni kama sufuria ya harusi.

Nikafika kwenye mstari wangu, Kanyiva. Nikaandika tano.

Nilijihesabu mimi. Nikamhesabu Nthenya, na wale wavulana wawili walioko Mombasa ambao hawajaja tangu mwaka juzi. Na nikamhesabu baba yao, Musembi, ambaye wewe mwenyewe ulinishika mkono siku tunamzika. Sikuweza kuandika moja. Ningetazamaje duara la mtu mmoja?

Alhamisi nikapeleka ramani. Upande wetu wa juu thelathini na nne, upande wa chini thelathini na mbili. Kitheka akasema basi kioski ni langoni kwa Kalunde, yaani kwangu mimi, wakaweka alama kwa majivu. Wakanipigia makofi. Nzisa hakupiga. Aliniambia polepole, mama Nthenya, kama mko watano, mbona hatujawahi kuwasikia mkicheka?

Nilifika nyumbani nikafungua ile laptop, nikafuta tano, nikaandika moja. Duara likawa doa, kama choo cha nzi. Nililitazama sana.

Leo baada ya ibada nimewaambia kikundi, nikiwa nimesimama. Upande wetu ni thelathini. Kitheka hakugomba, alisema tu majivu yafagiliwe, na kesho tunaanza kuchimba kule chini, langoni kwa Nzisa. Nzisa akanishika kiwiko, akasema ungeniambia mapema ningekuazima wajukuu wawili, hawa wanamaliza sukari.

Sasa lako. Wakati wa Pasaka uliniuliza kama nina chumba, kwamba kile chumba cha kupanga kimekuchosha na goti haliwezi ngazi. Nikakuambia nyumba imejaa, watoto wanaingia na kutoka. Hakuna aliyekuwa ameingia. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa peke yangu na kikombe kimoja. Niliogopa uje uone. Nisamehe, mdogo wangu.

Njoo. Kitanda cha dirishani nimetandika. Na usiseme nakuita kwa ajili ya maji: hata ukija upande wetu utakuwa thelathini na moja, kioski itabaki kwa Nzisa, na mitungi tutabeba sote, wewe ule mdogo. Ile programu sijaifunga. Mstari wangu uko wazi, nangoja kuandika mbili.

Wasalimie wa kanisani kwenu na wale wa sokoni. Barua hii anakuletea mtu wa mbuzi, mpe chai.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Kalunde, mama Nthenya