Video ya Harusi ya Somoe

Shaibu,

Nimekwenda Ziwani kumtazama mzazi na kichanga chake. Muhogo uko jikoni, ufunike ukishakula.

Asubuhi ulivuta mdomo kwa sababu video ya harusi ya dada yako Somoe ilikatika tena ikihamia kwenye kompyuta yako. Kosa langu, mwanangu. Paswedi ya waifai nimewagawia mtaa mzima, na baraza letu halikauki watu. Leo ziunge kompyuta zote mbili kwa waya, na ile ya marehemu baba yako usiiache ilale katikati ya kazi. Imechoka, na sauti ya baba yako imebaki humo tu, akiwaita wageni: "Karibuni ndani, wali bado mwingi!"

~~Kisha badilisha paswedi.~~ Iache. Baba yako hakumfungia mtu mlango.

Mama